“Wewe ndiye baba wa mtoto huyu?” Maswali yenu kuhusu The Kid

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu filamu moja, The Kid ya Charlie Chaplin. Zimetoka kwa walimu, wenye vibanda vya video, wazazi, hata vijei mmoja, yaani msimulizi anayetafsiri filamu kwa kipaza sauti. Kwa asiyeijua: ni filamu bubu, nyeusi na nyeupe, iliyoonyeshwa mara ya kwanza New York Januari 1921. Mama asiye na mume anamwacha mwanawe mchanga ndani ya gari la tajiri, pamoja na kijikaratasi. Gari linaibwa. Wezi wanamtua mtoto uchochoroni, kando ya pipa la taka, na mzururaji asiye na mbele wala nyuma anamwokota, anampa jina John na kumlea katika chumba cha darini. Miaka mitano baadaye watu wa nyumba ya yatima wanakuja kumchukua. Chaplin aliitunga, akaiongoza, akaihariri na kuucheza uzururaji mwenyewe. Mtoto ni Jackie Coogan, aliyezaliwa Oktoba 1914. Mama ni Edna Purviance.

Nafundisha Kiswahili kidato cha pili (S.2) hapa Tororo. Nina vipindi viwili vilivyoungana, dakika 80. Nimepata nakala mbili, moja ya dakika 53 na nyingine ya dakika 68. Ipi ndiyo yenyewe, na niitumieje darasani? – Mwalimu, Tororo

Zote mbili ni za Chaplin, mwalimu. Ile ndefu ni ya 1921. Mwaka 1971, akiwa na umri wa miaka 82, Chaplin aliirudia filamu yake, akaitungia muziki, akakata matukio kadhaa ya mama. Ndiyo maana nakala fupi inaanza na kwisha upesi, na macho yote yanabaki kwa mzururaji na mtoto.

Urefu peke yake usiuamini. Mitandaoni kuna nakala ndefu kwa sababu tu zinachezwa polepole, na nyingine zimebandikwa kinanda cha mtu asiyejulikana. Tafuta tukio la kanisani: mama, aliyetoka hospitalini na mtoto mikononi, anapita mbele ya kanisa ambamo bibi harusi kijana anatoka na bwana harusi mzee. Ukiliona, una picha ya 1921. Usipoliona, na mwanzoni kumeandikwa kwamba muziki ni wa Chaplin, una ile ya 1971.

Kwa dakika 80 chukua fupi. Utabaki na dakika 27, na hizo usizigawe sawasawa: tano kabla, ishirini na mbili baada. Kabla ya filamu waambie mambo matatu tu. Hakuna mtu atakayesema. Kadi za maandishi ni chache na utazisoma wewe. Mita ile ukutani ni ya gesi na inalishwa sarafu, kama Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, ya siku hizo. Ukianza na historia ya Hollywood utawapoteza kabla mtoto hajaokotwa.

Kiini cha kipindi kiko darini, pale mtoto angali mchanga. Simamisha picha. Waambie waorodheshe vitu: shuka lililotundikwa kwa kamba likawa susu ya mtoto, birika la kahawa lililovishwa chuchu ya mpira kwenye mdomo wake likawa chupa ya maziwa, kiti cha nyasi kinachotobolewa katikati kiwe choo, kitambaa kinachokatwa vipande vya nepi. Kisha wape kazi ya sarufi ambayo filamu hii inaifundisha kuliko kitabu: vitenzi vya kutendesha. Mtoto analala, baba anamlaza. Anakunywa, anamnywesha. Anakula, anamlisha. Anavaa, anamvisha. Anaoga, anamwogesha. Malezi yote ya Kiswahili yamo ndani ya viambishi hivyo, na Chaplin anavionyesha kimoja kimoja bila kusema neno.

Halafu wapeleke kwenye asubuhi ya miaka mitano baadaye. Mtoto ndiye yuko jikoni, anakaanga chapati za maji, na mkubwa ndiye amelala. Waulize nani sasa anamwamsha nani, nani anamlisha nani. Mzururaji anaingiza kichwa katika tundu la blanketi lake na blanketi linakuwa joho. Anakaa mezani kama mfalme, na chapati zinagawanywa kwa hesabu ya haki. Mtoto ameanza kukua, na dalili yake ya kwanza ni kwamba kitenzi kimebadilisha mtendaji.

Kwa watu wazima tungechagua ndefu, kwa sababu ya mama. Na katika nakala yoyote usikipite kitu kimoja kidogo: baba mzazi. Ni mchoraji, anaonekana kwa muda mfupi tu. Picha ya mama inaanguka motoni, anaiokota, anaona imeshaungua, anairudisha motoni. Basi. Hayo ndiyo malezi yote anayoyatoa baba aliyezaa. Wanafunzi wengi hawalioni tukio hili mara ya kwanza. Wanaolirudia baada ya kumwona mzururaji akitoboa kiti hunyamaza kidogo.

Nikiionyesha hapa kibandani watu ndani ya filamu wanakimbia kama siafu, na wateja wanacheka hata mtoto anapolia. Tatizo ni mashine yangu? – Mwenye kibanda, Arua

Mashine yako ni nzima. Nakala yako ndiyo yenye haraka.

Kamera za wakati ule zilizungushwa kwa mkono. Mpiga picha alipata fremu kati ya 16 na 20 hivi kwa sekunde, wakati mwingine zaidi, kulingana na mkono wake na tukio lenyewe. Sauti ilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1920, kasi ikafungwa kwenye fremu 24. Nakala nyingi za zamani zilipigwa tena kwa 24 bila kujali. Fanya hesabu uone ukubwa wa kosa. Futi moja ya filamu ya milimita 35 ina fremu 16, kwa hiyo filamu ya futi 5,000 ina fremu 80,000. Kwa kasi ya 16 hiyo ni dakika 83. Kwa 20 ni dakika 67. Kwa 24 ni dakika 56. Filamu ni ileile, na karibu nusu saa imepotea katika miguu ya watu.

Namna ya kupima: usimtazame Charlie. Yeye alipenda kujiharakisha makusudi ili achekeshe, na ukimpunguza akatembea kama mtu wa kawaida umemharibia kazi. Mtazame afande anayepita, au mwanamke mwenye kigari cha mtoto. Mtu asiye na haraka hupiga hatua mbili hivi kwa sekunde. Ukihesabu tatu, nakala inakimbia.

Dawa yake ni rahisi kama unachezesha kwa laptopu yenye programu ya VLC. Kila ukibonyeza [ kasi inashuka kwa 0.1, ukibonyeza = inarudi kawaida. Fremu 20 zilizolazimishwa kuwa 24 zinarudi mahali pake kwenye 0.83, weka 0.8 na macho hayatalalamika. Muziki uliobandikwa juu utavutika na kulegea, kwa hiyo zima sauti ya filamu na ucheze kinanda kutoka kwenye simu kupitia spika. Usichague wimbo wenye maneno. Maneno yataiba macho.

Ila nakala zilizosafishwa upya mara nyingi zimesharekebishwa kasi. Pima kwanza. Mwenye kibanda anayepunguza kila filamu ya zamani kwa mazoea atamfanya mzururaji atembee ndani ya uji.

Tuna ukumbi wa kanisa, projekta ya lumeni 3,000 na jenereta. Tunategemea watu kama 80. Tupange vipi? – Kiongozi wa vijana, Kasese

Anzeni na umbo la picha, maana hapo ndipo wengi wanapoharibu. Filamu hii ni ya nne kwa tatu, karibu mraba. Projekta na televisheni nyingi za leo ni za kumi na sita kwa tisa, na zikiachiwa huinyosha picha hadi ukutani pande zote: watu wananenepa na kofia ya Charlie inakuwa sinia. Kwenye VLC bonyeza A mpaka isome 4:3. Mkicheza bila laptopu, tafuteni kwenye projekta menyu ya umbo la picha na mchague 4:3; msifanye yote mawili, picha itabanwa mara mbili. Pande mbili zitabaki nyeusi, ziacheni nyeusi. Wapo wanaokuza picha ili ijaze shuka, na hilo ni baya kuliko kunyosha, kwa sababu linakata juu na chini. Chini ndiko kuliko miguu ya Chaplin, na nusu ya uigizaji wake iko kwenye viatu.

Sasa vipimo. Mkitaka picha ya upana wa mita 2.4, kimo chake kitakuwa mita 1.8. Lakini projekta bado inamwaga mwanga wa kumi na sita kwa tisa, yaani upana wa mita 3.2, ingawa pembeni ni giza. Umbali upigeni kwa huo upana wa 3.2. Kama uwiano wa lenzi, yaani umbali ukigawanywa kwa upana wa picha, ni 1.5 (umeandikwa kwenye kitabu chake), projekta ikae mita 4.8 kutoka ukutani. Anayepiga hesabu kwa 2.4 ataiweka mita 3.6 na kushangaa picha ni ndogo. Kanuni ya watu wa projekta ni kwamba mstari wa mwisho usizidi mara sita ya kimo cha picha, hapa kama mita 11, na wa kwanza usisogee chini ya mara mbili, mita 3.6. Kwa watu 80 hilo linatosha wakikaa kwenye mabenchi, watoto mkekani mbele.

Ukuta wenye rangi nyeupe isiyong’aa unashinda shuka. Rangi ya mafuta inarudisha doa la mwanga machoni. Mkilazimika kutumia shuka, wekeni mawili, moja nyuma ya jingine, la sivyo nusu ya mwanga itapita nje kwa majirani. Pigeni pasi, kisha fungeni pembe nne na katikati ya kila upande.

Kasese jua linazama karibu saa moja jioni mwaka mzima. Lumeni 3,000 hazishindani na dirisha, kwa hiyo anzeni saa moja na nusu. Nyeusi na nyeupe inahitaji giza kuliko filamu ya rangi: chumba cha darini kikipigwa na mwanga wa mlangoni kinakuwa kijivu kitupu na birika halionekani.

Umeme ni jambo jepesi. Projekta wati 300, laptopu 65, spika 100. Jumla 465, na jenereta ndogo ya kVA 1 inabeba bila kuhema. Kelele ndiyo adui. Kwenye filamu ya mapigano jenereta husahaulika. Hapa, mtoto anapolia bila sauti, ukumbi mzima utakuwa unalisikia. Lipelekeni mita 30 nyuma ya jengo, upande upepo unakoelekea, kwa waya wa milimita za mraba 1.5. Mkimaliza msichomoe projekta ya taa kwa ghafla. Izimeni kwa kitufe na mngoje feni isimame yenyewe, dakika moja au mbili. Taa nyingi hufia hapo, zikiwa bado za moto.

Mkitaka kuuza tiketi, jueni kwamba filamu ya 1921 ni mali ya umma Marekani, lakini muziki wa Chaplin wa 1971 ni kazi nyingine yenye wenyewe, na sheria ya hakimiliki ya Uganda ya 2006 inalinda muziki wa kigeni pia. Onyesho la bure lenye mpiga kinanda wenu halina kichwa kuuma kiasi hicho.

Mimi ni vijei. Nimezoea kuzijaza filamu za Wachina na za Hollywood maneno tangu mwanzo hadi mwisho. Filamu isiyo na mazungumzo nitaifanyaje kwa Kiswahili? – Vijei, Jinja

Kazi yako, ndugu, ina mababu. Japani enzi za filamu bubu ilikuwa na benshi, wasimulizi waliosimama kando ya skrini, na baadhi yao walijulikana kuliko waigizaji. Kwa hiyo usiombe radhi kwa kushika kipaza sauti. Punguza tu.

Itazame mara moja mdomo ukiwa umefungwa. Mara ya pili shika daftari: kila kadi ya maandishi, andika inaingia dakika na sekunde ngapi na inakaa sekunde ngapi. Kisha tafsiri, na usome kwa sauti ukiangalia saa. Hesabu maneno mawili ya Kiswahili kwa sekunde. Kadi ya sekunde nne inabeba maneno manane. Yakiwa kumi na mawili utakuwa unasoma wakati mzururaji ameshaanza kichekesho kingine, na watu watakicheka bila wewe. Kata maneno, usiongeze kasi ya ulimi.

Kadi ya kwanza inasema filamu hii ni picha yenye tabasamu, na pengine chozi. Iache hivyohivyo: “Picha yenye tabasamu – na pengine, chozi.” Neno “pengine” lipe nafasi, usilimeze.

Kijikaratasi cha mama: “Tafadhali mpende na umtunze yatima huyu.” Utashawishika kueleza kwamba mtoto si yatima, mama yake yu hai. Usieleze. Mama ameandika uongo kwa mkono wake mwenyewe ili mtoto apokelewe, na mtazamaji ameshamwona akiandika.

Polisi mwite afande. Jinja hakuna atakayeuliza. Chapati zile usiziite kabalagala, zile za ndizi, kwa sababu kila mtu anaijua sura ya kabalagala na hizo sizo. Jina la filamu lenyewe ni gumu zaidi. “Mtoto” ni sahihi na ni baridi. Vijana wangesema “Dogo”, ambalo lina ukaribu wa mitaani, lakini linamzeesha. Kwenye bango andika Mtoto; kwenye kipaza sauti, “katoto” kitaeleweka na kitapendwa.

Mtihani wako ni daktari. Mtoto anaumwa, daktari anafika darini, anamwuliza mzururaji: “Wewe ndiye baba wa mtoto huyu?” Jibu kwenye kadi limebebwa na neno moja la Kiingereza, “practically”, lenye maana ya “kwa vitendo, ndiyo” na pia “karibu niseme hivyo”. Kiswahili hakina neno moja lenye nyuso hizo mbili. “Mimi ni mlezi wake” ni kweli na kunaua kichekesho. “Baba wa kambo” ni uongo, hakuna ndoa hapa. “Kama baba” ni kujishusha mno kwa mtu aliyeamka usiku miaka mitano. Pendekezo letu: “Naweza kusema… ndiyo.” Vuta kidogo katikati, maana Chaplin naye anasita usoni. Mtu mzima anayejua kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea, atalipata mwenyewe, nawe usimtolee methali hiyo kwenye kipaza sauti; daktari anangoja, na karatasi inakaribia kutolewa mfukoni.

Itazame hiyo karatasi kwa makini. Mzururaji anaionyesha kwa uaminifu, kuthibitisha alivyompata mtoto. Karatasi ileile inalileta gari la nyumba ya yatima, na karatasi ileile, ikifika mikononi mwa mama, inamfungulia mtoto mlango mwingine. Kijikaratasi kimoja kinaibeba filamu nzima. Kila kinapotokea, nyamaza.

Mahali pengine pa kunyamaza kabisa ni pawili: mtoto akiwa kwenye gari ananyosha mikono, na mzururaji anakimbia juu ya mapaa kumfuata. Tumesikia wasimulizi wakijaza hapo “mama yangu! mama yangu!” na kupiga meza. Ukumbi unacheka, na baada ya hapo haurudi.

Wanangu wana miaka sita na tisa. Inawafaa? Na yule mtoto alilia kweli? – Mama, Bombo

Inawafaa, mama, ukiwa nao. Kuna sehemu za kujiandaa. Mwanzoni mzururaji anainua mfuniko wa mtaro na kwa nukta moja anafikiria kumtumbukiza mtoto. Watoto hucheka, wakubwa hawacheki. Kuna ngumi mtaani kati ya watoto, kisha kati ya wakubwa, za kuchekesha. Mtoto anavunja madirisha kwa mawe ili mzururaji, fundi wa vioo, apite nyuma yake akitengeneza kwa malipo. Ficheni mawe yenu siku mbili tatu.

Kinachotisha hasa ni kuchukuliwa kwa mtoto. Wa miaka sita mweke pajani mapema, usingoje aanze kulia, na mnong’oneze kwamba wataonana tena punde. Si udanganyifu: wanakutana muda mfupi tu baadaye, na busu la hapo linatibu karibu kila kitu.

Ndoto karibu na mwisho, yenye watu wa mtaani waliovishwa mabawa, inawachanganya wadogo na haiongezi kitu kwenye hadithi. Pia ndani yake kuna malaika msichana anayemrembulia macho mzururaji, na mwigizaji wake, Lita Grey, alikuwa na miaka 12. Ruka bila aibu.

Alilia kweli. Chaplin aliandika katika kitabu cha maisha yake kwamba baba mzazi wa Jackie alimtisha mwanawe kuwa asipolia atapelekwa nyumba ya maskini. Tunalisema kwa sababu umeuliza. Ukilijua, tukio la gari huwezi kuliona tena kwa jicho lilelile.

Jackie Coogan alipata pesa nyingi? – Kijana, Mbarara

Alichuma mamilioni ya dola utotoni. Baba yake alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1935. Jackie alipofika utu uzima alikuta mama yake na baba wa kambo wamezitumia. Sheria ya California ilihesabu mapato ya mtoto kuwa ya mzazi. Akashtaki mwaka 1938 na kuambulia dola 126,000 hivi. Kelele za kesi hiyo zilizaa sheria ya 1939 inayoitwa kwa jina lake, ya kulinda mapato ya watoto waigizaji. Leo asilimia 15 lazima iwekwe akiba kwa jina la mtoto. Mzururaji ndani ya filamu, asiye na senti, aligawa chapati sawasawa.

Chaplin aliujuaje umaskini wa watoto namna hii? Ni maisha yake? – Msomaji, Masaka

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Alizaliwa Aprili 1889 na kukulia kusini mwa London. Baba yake, mwimbaji, alikuwa mlevi na alikufa mwaka 1901; mama aliugua akili. Charlie alikuwa na miaka saba alipoingizwa nyumba ya maskini ya Lambeth, kisha akapelekwa shule ya watoto fukara ya Hanwell. Dari la filamu ni dari alilolijua. Tena, Julai 1919 mtoto wake wa kwanza alikufa akiwa na siku tatu. Muda mfupi baadaye akaanza kutengeneza filamu hii, na kazi ikaendelea zaidi ya mwaka.

Mtu wa kawaida akiokota mtoto hapa Uganda, akafanya kama mzururaji, atakuwa amekosa? – Msomaji, Kampala

Kumwokota na kumpa maziwa, hapana. Kukaa naye kimya miaka mitano, ndiyo. Siku hiyohiyo mpeleke, au toa taarifa, kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) au polisi kwenye kitengo cha familia na watoto, nao watamwita afisa wa ustawi wa jamii wa wilaya. Simu ya msaada kwa watoto iitwayo Sauti, 116, haina malipo. Kijikaratasi, nguo na blanketi alivyokutwa navyo usivifue wala kuvitupa. Ndivyo vinavyowarudisha wazazi. Ukitaka kumlea, omba ulezi wa muda kupitia afisa huyo. Ukitaka kumwasili, Sheria ya Watoto inataka mwombaji awe ametimiza miaka 25 na awe amempita mtoto kwa miaka 21 angalau. Raia hupeleka ombi kwa Hakimu Mkuu, mgeni hupeleka Mahakama Kuu.

Chaplin alimpita Jackie Coogan kwa miaka 25 na nusu. Kwa umri peke yake angepita.

Kuna nakala ya rangi? – Msomaji, Lira

Zipo zilizopakwa rangi na kompyuta. Achana nazo, nyuso zinatoka za nta.

Mwishoni mzururaji anaingia nyumba ya mama na mlango unafungwa. Anabaki kuishi nao, au anakaribishwa chai tu? Tumebishana wiki nzima. – Wasomaji wawili, Fort Portal

Filamu haisemi. Afande anamwamsha mzururaji kizingitini, anampandisha gari, na sisi pamoja naye tunadhani ni jela. Gari linasimama mbele ya nyumba kubwa. Mama anafungua, mtoto anamrukia, anaingia, mlango unafungwa. Hakuna kadi wala harusi.

Anayesema anabaki aangalie mtoto: anaruka kama mtu aliyefika nyumbani. Anayesema ni chai tu aangalie viatu vya mzururaji kizingitini, havijui pa kukanyaga. Sisi tunaelemea upande wa viatu, lakini kidogo. Kabla ya kubishana tena, hakikisheni nakala yenu haijakatwa sekunde za mwisho, kosa la kawaida kwenye nakala za bure: mlango lazima muuone umefungwa wote, na neno la mwisho litokee. Msiwashe taa hapo hapo. Hesabuni hadi tano kwanza.